Kadi ya kamera ndani ya kompyuta ya 486: kisa cha benchi ya kupimia pampu za dizeli

Kisa hiki kilitokea katika karakana ya pampu za dizeli kwenye mji mmoja wa pwani. Majina ya wahusika, mji na watengenezaji wa mashine yameachwa makusudi. Mambo ya kiufundi yameelezwa kama yalivyokuwa.

## Kompyuta na kazi yake

Karakana hupokea pampu na nozeli za malori, matrekta, jenereta na mashua za uvuvi. Pampu ikishafunguliwa, kusafishwa na kufungwa upya, hupandishwa kwenye benchi. Mota huizungusha kwa kasi inayotakiwa na vihisio hupima kila njia inatoa dizeli kiasi gani. Fundi hulinganisha vipimo hivyo na jedwali la pampu husika, anakaza au kulegeza, kisha anapima tena.

Benchi ilinunuliwa Ulaya ikiwa imeshatumika, ikaja na kompyuta yake: 486 ya MHz 66, memori MB 8, diski ya MB 210 na mfumo endeshi wa MS-DOS 6.22. Vihisio vinaingia kwenye kadi ndefu iliyochomekwa katika sloti ya ISA, yaani tundu la kadi la zama zile. Kila anayeiona kompyuta ile huuliza kwa nini isitupwe. Jibu ni kadi hiyo. Mazabodi za kawaida za kisasa hazina sloti ya ISA, na programu ya benchi huongea na kadi moja kwa moja kupitia anwani za poti, jambo ambalo Windows za leo haziruhusu. Kwa karakana, kompyuta ile ni sehemu ya benchi kama ilivyo mota.

Ndani ya diski kulikuwa na majedwali ya mamia ya pampu. Mengi mwenye karakana aliyaingiza mwenyewe kwa miaka, ukurasa kwa ukurasa, kutoka kwenye vitabu ambavyo vingine havipo tena. Nakala haikuwepo. Flopi zilizokuja na benchi zilikuwa zimeota ukungu, kama flopi nyingi zinavyofanya karibu na bahari.

## Diski ilipogoma

Asubuhi moja skrini iliandika kuwa diski C imeshindwa. Wakazima, wakawasha, ikakubali. Wiki zilizofuata ikawa mchezo wa kila siku: umeme ukikatika usiku, asubuhi kompyuta haiijui diski, ikishawaka na kupata joto, inakaa sawa hadi jioni. Fundi mmoja alijifunza kuigonga ubavuni.

Hapa palikuwa na magonjwa mawili yaliyofanana dalili. Diski ilikuwa imechoka kweli, lakini pia betri ya mazabodi ilikuwa imekufa, hivyo kila umeme ulipokatika BIOS, programu ya ndani ya mazabodi inayoamsha kompyuta, ilisahau aina ya diski iliyofungwa. Wote walidhani ni tatizo moja.

Aliitwa kijana anayetengeneza laptopu jirani, naye alikuwa na wazo sahihi. Alijua kwamba kadi za CompactFlash, zile za kamera kubwa, zinaweza kukaa mahali pa diski ya IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski) kwa adapta rahisi isiyo na akili yoyote ndani yake. Kadi hizo zilitolewa na SanDisk mwaka 1994, na zina hali ya kufanya kazi iitwayo True IDE: pini moja ikiunganishwa na ardhi wakati wa kuwasha, kadi hujitambulisha kama diski ya kawaida. Adapta hupeleka nyaya tu kutoka pini 50 za kadi hadi pini 40 za kebo bapa.

Akanunua adapta na kadi ya GB 4. Akaiingiza kadi kwenye laptopu yake kwa kisomeo cha USB, akaigawa, akaifomati, akaweka mafaili ya kuwashia DOS, akaifunga kwenye 486. Skrini ikaandika: Missing operating system. Akarudia, ikawa vilevile. Akajaribu angalau kuinakili diski ya zamani kwa adapta ya USB, laptopu haikuiona kabisa. Mwenye karakana akasema basi, akanipigia mimi, fundi wa kompyuta za zamani.

## Kwa nini kadi ilikataa

Swali la kwanza la Mzee, yaani mwenye karakana, lilikuwa kama ameuziwa kadi mbovu. Kadi ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa pale ilipoandaliwa.

BIOS ya 1993 hufikia kila kipande cha diski kwa namba tatu: silinda, kichwa na sekta. Vichwa havizidi 16 kwa diski ya IDE. Laptopu ya leo inapoandaa kadi kupitia USB, huihesabu kana kwamba ina vichwa 255 na sekta 63, na huanza patisheni ya kwanza (sehemu iliyogawiwa ya kadi) kwenye sekta ya 2048. Kwa hesabu ya laptopu, mahali hapo ni silinda 0, kichwa 32, sekta 33. Kwa hesabu ya 486 yenye vichwa 16, sekta hiyohiyo iko silinda 2, kichwa 0, sekta 33. Kipande cha kwanza cha kadi kinamwambia mwenyeji mpya, yaani 486, aende kichwa cha 32, na kichwa hicho hakipo. BIOS inasoma kwingine, haioni alama ya sekta ya kuwashia, inakata tamaa.

Hata patisheni ingeanzishwa mahali ambapo hesabu zote mbili zinakubaliana, sekta ya kuwashia ya DOS yenyewe hubeba ndani yake idadi ya vichwa na ya sekta. Ikibeba 255 mahali pa 16, DOS itapotea hatua moja mbele.

Kutoonekana kwa diski ya zamani kwenye USB kulikuwa na sababu inayokaribiana na hiyo. Diski nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajua silinda, kichwa na sekta peke yake. Adapta nyingi za USB zinadai LBA, yaani kuhesabu sekta zote kwa namba moja mfululizo. Ukiona adapta haiioni diski ya zama zile, usikimbilie kuitangaza imekufa.

## Uamuzi wa kwanza: diski isiwashwe tena

Nilimwomba Mzee benchi isimame hadi diski inakiliwe. Hakupenda. Kulikuwa na pampu ya mashua inangoja, na wenyewe walikuwa wanapiga simu.

"Kijana wangu, hawa wanataka kuingia baharini giza hili."

Nikamweleza kwamba pampu ikichelewa, wavuvi watanung'unika wiki moja. Diski ikifia kwenye benchi, majedwali hayarudi, na kila pampu itakayoletwa baada ya hapo itapimwa kwa kukisia. Akanyamaza kidogo, kisha akamtuma mtu aipeleke pampu ile kwa karakana nyingine. Bila uamuzi huo wa Mzee yote yaliyofuata yangekuwa bure, na mtaalamu hawezi kuufanya kwa niaba ya mwenye mali.

Diski tuliifunga kwenye kompyuta ya mezani ya zama za Pentium 4 yenye poti halisi ya IDE, tukawasha Linux, tukatumia ddrescue, programu ya kuokoa data. Uzuri wa programu hii ni utaratibu wake: hupita kwanza ikichukua sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuruka zinazosumbua, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofika. Halafu hurudi kwenye sehemu ngumu kwa subira. Programu ya kunakili ya kawaida ingeng'ang'ania sekta mbovu ya kwanza huku diski ikizidi kuumia.

Ilisomeka karibu yote. Kwa sekta chache zilizogoma, tuliiambia ddrescue izijaze neno moja la kujulikana kwenye nakala, kisha tukalitafuta neno hilo ndani ya mafaili yote. Lilijitokeza kwenye ripoti za wateja wa zamani na kwenye faili moja la msaada la DOS. Majedwali yalikuwa salama. Ukijua ni faili gani limeumia, unalala. Ukijua tu kwamba "diski imesoma asilimia tisini na kitu", huna unachojua.

## Kadi ipi?

Mzee aliuliza swali la haki: kadi za simu ziko kila kibanda, kwa nini tuhangaike na za kamera? Kadi za SD haziongei lugha ya IDE. Zinahitaji adapta yenye chipu ya kutafsiri, na chipu hizo huelewana na BIOS nyingine na kugombana na nyingine. CompactFlash inaongea lugha hiyo tangu kuzaliwa. Kwa kompyuta ya kuchezea michezo ya zamani ningejaribu SD bila wasiwasi. Kwa mashine inayolisha familia kadhaa, nilitaka vitu vichache vya kutafsiri kati ya BIOS na data.

Kisha ukubwa. BIOS ile haina LBA, na mpaka wake ni silinda 1024 mara vichwa 16 mara sekta 63 mara baiti 512, yaani baiti 528,482,304. Kadi ya GB 4 ingeweza kutumika kwa kuingiza vipimo kwa mkono na kukubali kupoteza sehemu kubwa ya nafasi. DOS 6.22 isingeona shida, maana patisheni yake ya FAT16 inaweza kufika GB 2. Lakini niliikataa kwa sababu moja: siku BIOS ikisahau, mtu atabonyeza utambuzi wa otomatiki, nao utaleta idadi ya silinda ambayo BIOS haiwezi kuibeba. Kadi ya MB 512 inakaa chini ya silinda 1024. Utambuzi wa otomatiki utaleta namba zilezile leo na miaka mitano ijayo, hata mbonyezaji akiwa fundi pampu asiyejua kompyuta.

Kwa majaribio tulipata moja ya MB 512 kwenye droo ya mpiga picha wa harusi. Za kudumu tuliagiza mbili za viwandani. Kadi hizo hutumia memori ya SLC, inayovumilia kufutwa na kuandikwa upya mara 100,000 hivi kwa kila kipande, na hujitambulisha kama diski ya kudumu, wakati kadi nyingi za kamera hujitambulisha kama kitu cha kuchomolewa. DOS haijali tofauti hiyo. Windows XP ingejali sana.

Kadi, adapta na betri zote pamoja hazikufika bei ya tairi moja la Fuso.

## Kadi ililazwa wapi, ikajazwa wapi

Njia mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza, kumwaga nakala ya diski nzima juu ya kadi, sekta kwa sekta, kisha kuilazimisha BIOS itumie vipimo vya diski ya zamani kupitia aina ya 47, ile ya kujaza mwenyewe. Ni ya haraka, na kadi nyingi hukubali kubadilishiwa vipimo. Ila ingeturudisha kwenye tatizo lilelile: siku ya utambuzi wa otomatiki, kadi ingejitaja kwa vipimo vyake vya kuzaliwa na kompyuta isingewaka.

Tukachagua ya pili. Patisheni na fomati zifanyike ndani ya 486 yenyewe, mafaili yaingizwe kokote.

Kwenye Linux tulifuta mwanzo wa kadi kwa sifuri, ili FDISK, programu ya DOS ya kugawa diski, isikutane na mabaki ya wengine. Kisha kadi ikaingia kwenye adapta, jampa ikiwa kwenye master (diski kuu), mstari mwekundu wa kebo ukielekea pini ya 1, umeme ukitoka kwenye plagi ndogo ya flopi. BIOS ikaitambua: vichwa 16, sekta 63. Tukaziandika namba zote tatu kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi.

Tukawasha kwa flopi ya DOS 6.22, baada ya kusafisha kichwa cha floppy kwa spiriti, maana mvuke wa dizeli ulikuwa umekifunika. FDISK, patisheni moja, ikawekwa kuwa ya kuwashia. FORMAT C: /S. Tukatoa flopi na kuwasha kwa kadi tupu. Hatua hii watu huiruka. Alama ya C:\> ikitokea kwenye kadi isiyo na kitu, umeshamaliza habari ya vipimo, na hitilafu yoyote itakayofuata ni ya mafaili.

Ndipo kadi ikarudi Linux, nasi tukanakili kila kitu kutoka kwenye nakala ya diski isipokuwa IO.SYS, MSDOS.SYS na COMMAND.COM, ambazo FORMAT ilishaziweka mahali zinapotakiwa. Programu ya benchi ilifunguka mara moja. Leseni yake iko kwenye kidude kilichochomekwa katika poti ya printa, kwa hiyo haikujali diski. Programu nyingine za zama zile zilijifunga kwa faili fichwa lililokaa sekta maalumu ya diski. Ingekuwa hivyo, tungelazimika kurudi kwenye njia ya kwanza pamoja na kasoro yake.

## Betri

Betri ya mazabodi ilikuwa ya pipa, ya NiCd, aina inayochajiwa, na ilikuwa imeanza kuvuja. Kutu ya kijani ilishagusa nyaya mbili za shaba pembeni yake. Tuliikata, tukasafisha kwa siki, kwa kuwa uvujaji wa betri hizi ni wa alkali na asidi hafifu huuzima, kisha spiriti. Mazabodi ilikuwa na pini nne za betri ya nje, hivyo tukafunga kishikio cha betri tatu za AA nje ya boksi, mbali na shaba. Jampa ilihamishwa ili mazabodi isijaribu kuzichaji. Betri za AA zinauzwa duka la ng'ambo ya barabara.

Kama ningeulizwa ni kipi kiliokoa mashine zaidi, kadi au kukatwa kwa betri ile, ningesita. Mwaka mmoja zaidi wa kuvuja na tungekuwa tunatafuta mazabodi ya 486, kitu ambacho hakipo dukani.

## Matokeo, na ripoti zilizopotea

Benchi ilirudi kazini. DOS inawaka upesi kuliko zamani na programu hufungua jedwali bila kusubiri. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kompyuta inakumbuka.

Siku chache baadaye Mzee akapiga simu. Ripoti za mwisho za jioni zilikuwa hazionekani asubuhi. Si kila siku, na si zote. Nilishuku kadi, nikaipima, ikawa safi.

Jibu lilitoka kwa fundi mwenyewe nilipomwomba afanye mbele yangu kama anavyofanya jioni. Alihifadhi ripoti, akanyoosha mkono, akazima swichi ya ukutani. Nikamuuliza zamani alijuaje kwamba imemaliza kuhifadhi.

"Si ilikuwa inakoroma, fundi. Ikinyamaza ndiyo nazima."

AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazotekelezwa DOS ikiwaka, ilikuwa inapakia SMARTDRV, ambayo huweka maandishi kwenye memori kwa sekunde chache kabla ya kuyashusha kwenye diski. Diski ya zamani ilikoroma wakati wa kushusha, na masikio ya mafundi yalikuwa yamefundishwa na sauti hiyo kwa miaka. Kadi haina sauti. Ripoti ikitoka kwenye skrini, kwao kazi ilikuwa imekwisha, kumbe bado iko memori. Tukaongeza /X kwenye mstari wa SMARTDRV ili kuandika kusicheleweshwe tena, na adapta tukaigeuza kitaa chake kionekane kupitia tundu la mbele. Ripoti hazikupotea tena.

## Uchambuzi

Kijana wa laptopu alichagua kifaa sahihi na adapta sahihi. Angekosoa mtu ujuzi wake, angekosea. Alichokosa ni kujua kwamba fomati ya kadi ina mwenyeji, na mwenyeji wake ni BIOS itakayoisoma. Kosa hili limewapata wengi kwa sababu kwenye vifaa vya leo halipo: flashi iliyofomatiwa kokote husomeka kokote.

Kuchagua kadi ndogo kulifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Miezi kadhaa baadaye betri za AA zilitolewa na mtu aliyezihitaji kwa redio. Kompyuta ikasahau kila kitu. Fundi mmoja akaingia BIOS, akabonyeza utambuzi wa otomatiki, akalinganisha namba na zilizoandikwa kwenye kifuniko, akahifadhi, akaendelea na kazi. Hakuna aliyenipigia, nilisikia baadaye kwa kuulizia.

Ingewezekana kutumia XTIDE Universal BIOS, programu ya bure inayochomwa kwenye chipu na kuwekwa kwenye kadi ya mtandao ya zamani, nayo ingeipa kompyuta uwezo wa kusoma kadi kubwa. Kwa mashine za XT, zilizotangulia 486, au zile ambazo BIOS yake hairuhusu kujaza vipimo, ndiyo njia ninayoipendekeza. Hapa ingeongeza kifaa kimoja zaidi ambacho karakana nzima hakuna anayekielewa, kwa faida ya nafasi ambayo haihitajiki: mafaili yote ya benchi hayafiki MB 60.

Upande uliopungua ni wa watu. Maandalizi yalichunguza diski, BIOS na programu, na hayakuchunguza mafundi wanaitumiaje kompyuta kutwa nzima. Swali la jinsi wanavyojua kuwa imemaliza kuhifadhi lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza, pamoja na lile la jinsi wanavyozima. Sasa naliuliza kila mahali, kwenye mizani ya malori na kwenye mashine za kukata vibao vya matangazo, na majibu hayafanani.

Kadi ya pili ya viwandani iliandaliwa kwa hatua zilezile ndani ya 486 ileile, ikawashwa, ikapimwa pampu moja nayo, kisha ikafungiwa. Nakala ya majedwali iko kwenye kompyuta ya ofisi na nyumbani kwa Mzee. Kisicho na akiba ni kadi ya ISA. Mzee ameanza kuulizia karakana zinazofunga benchi za aina ile, anunue kompyuta zao peke yake, ziwe zinawaka au haziwaki.